Mfalme Aliyekuja Kung'olewa Jino

Wafanyabiashara wana msemo wao kwamba mteja ni mfalme. Mtu akiutamka mbele yangu huwa namtazama tu. Nimekuwa daktari wa meno kwa zaidi ya miaka ishirini, kisiwani Nosy Be na kwetu Mahajanga, pwani ya Wamalagasi, na mfalme nimewahi kumtibu kweli, mfalme wa ukoo wa watawala wa zamani, aliyefariki kabla bibi yangu hajazaliwa. Ni heri mteja wa kawaida.

Si kwamba wa kawaida walikuwa rahisi. Kulikuwa na mzee wa Katsepy aliyevuka ghuba kwa kivuko cha asubuhi, akakaa barazani kwangu akiwahimiza wenzake waharakishe maana kivuko kingemwacha, na zamu yake ilipofika akainuka, akaniambia kivuko kinamwacha, akaenda zake na jino lake. Wiki iliyofuata alirudi kufanya vilevile. Jino lile lilivuka ghuba mara nyingi kuliko mabaharia. Kulikuwa na mama wa Belobaka aliyetaka nimng'oe jino la mbele lisilo na doa, ili nimwekee la dhahabu kama la wifi yake. Nilipokataa alinikumbusha kwamba kazi yangu ni meno, si nasaha. Na kulikuwa na mwenye duka aliyekuja na koleo lake mwenyewe, kalichemsha nyumbani na kulifunga kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu langu, alisema, hajui limetoka kinywani mwa nani.

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilichagua kushughulika na midomo ya watu kwa kuwa wangu umenishinda. Mwenye duka nilimwambia basi ajing'oe mwenyewe, koleo si analo? Akaenda, akajaribu, akarudi. Hatukuzungumzia jambo hilo tena mpaka leo.

Nilizaliwa Mahajanga, katika familia iliyotoka Ngazidja zamani. Nyumbani kwetu mtoto akiamka asubuhi alikuwa na kazi ya kwanza kabla ya kunawa: kuzunguka vyumba vyote na kuwaamkia wakubwa. Mswahili husema shikamoo. Sisi tulisema kwezi. Kwezi babu, kwezi bibi, kwezi shangazi, mpaka koo linakauka. Kisha mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya machafuko dhidi ya watu wa asili yetu, yaliyowaondoa wengi mjini na kuwapakia vyomboni kurudi upande wa Ngazidja, nyumba ilibaki na vyumba vilevile na watu wachache. Hapakuwa tena na wa kumwambia kwezi isipokuwa mama, naye alisema nikimwambia peke yake anahisi kama anazeeka. Iliniuma sana, na sikumwambia mtu. Nilipomaliza masomo nilikwenda kufanya kazi Nosy Be, mahali ambapo sikuwa na vyumba vya kupita nikiviona vitupu.

Niseme hapa kwamba mazungumzo haya yote yalikuwa kwa Kimalagasi cha pwani yetu, na Kifaransa pale mtu alipotaka kujionyesha. Kiswahili nimejifunzia ukubwani, kwa mume niliyempata Tanga, ambaye hata sasa ananisahihisha nikiwa nakula.

Nosy Be nilirithi chumba cha daktari mmoja aliyehama. Kiti cha wagonjwa kilikuwa kizito, cha chuma na ngozi, kimefungwa sakafuni kwa boliti, kinaangalia upande alioutaka yeye. Nilirithi pia msaidizi, mama wa makamo aliyechemsha vyombo, kuchanganya dawa na kunifundisha adabu.

Siku moja, katika miaka ya mwanzo ya themanini, aliingia mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Alikuwa mnunuzi wa samaki pale Ambondrona. Mitumbwi ikifika ufukweni, yeye ndiye aliyewachagua samaki, akawakemea waliowavua, akawakemea pia wapishi wa hoteli aliowapelekea. Nyuma yake alikuja mume wake, mwanamume mwembamba, mpole, amebeba kikapu kilichofunikwa. Nilidhani wanasafiri.

Gego lake la chini lilikuwa limeoza mpaka mzizini. Nilimwambia hilo haliponi, linatoka. Akasema ndilo alilolifuata, kwani mimi nilidhani amekuja kunisalimia? Nikampenda papo hapo.

Kabla ya sindano nikauliza, kama tunavyofundishwa kuuliza, kama kuna kitu chochote ambacho hapatani nacho. Mume akajibu kwa niaba yake. Haruhusiwi kula maboga. Kamba wakavu wasiingie nyumbani. Asiende ufukweni siku ya pili baada ya mvua kubwa. Na ndugu yake wa kiume asije kuwatembelea Jumapili. Mimi nilikuwa nauliza habari ya penisilini.

"Mwiko wa nani huu?" nikauliza.

"Wa mfalme," akasema mume, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Msaidizi wangu akaacha kuosha vyombo.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: katika pwani ile wafalme waliokufa hawaendi mbali. Hurudi, humpanda mtu waliyemchagua, na kwa kinywa chake husema, hushauri, hukemea. Wamalagasi huita jambo hilo tromba. Waswahili wangesema yule mama alikuwa kiti cha mfalme. Mfalme akishuka juu yake, yeye mwenyewe hayupo, na akirudi hakumbuki neno. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumvika mfalme nguo zake, kuyasikia maneno yake, maana wafalme hunong'ona na husema kwa lugha ya zamani, na kisha kuyafikisha kwa watu. Mtu huyo ndiye pia anayemweleza kiti, akishazinduka, mfalme alitaka nini. Msemaji wa mfalme huyu alikuwa mume wake. Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba mambo hayo hayatuhusu, tukipita karibu nayo tusome tunachokijua, aya au dua, na tuendelee na safari. Lakini mimi sikuwa safarini, nilikuwa kazini.

Nikalaza kiti, nikainua sindano. Yule mama akapiga mwayo mrefu, akapiga mwingine, mabega yakaanza kumtetemeka, akazifungua nywele zake. Mume tayari alikuwa ameshafunua kikapu. Kabla sijaiweka sindano chini alikwisha kumfunga shuka la heshima kiunoni, kumvisha kofia na kumpa bakora mkononi. Msaidizi wangu alikuwa chini, magoti sakafuni. Mbele yangu, juu ya kiti changu, alikaa mzee wa miaka mingi, amekunja uso, amenishika kwa macho yasiyo ya mnunuzi wa samaki.

Na mimi, binti niliyesoma, niliyelelewa kusoma ninachokijua na kuendelea na safari, nikasikia kinywa changu kinasema, "Kwezi."

Sikupanga. Niliona mkubwa, nikaamkia, kama nilivyoamkia kila asubuhi ya utoto wangu. Sikujua kwamba watu wa pale huwaamkia wafalme wao kwa neno lilelile letu, walilochukua kwa wazee wetu enzi za biashara na majahazi. Mfalme akainamisha kichwa taratibu, ameridhika. Nilikuwa nimekaa miaka bila kumwamkia mtu.

Raha hiyo haikudumu. Mfalme akamnong'oneza msemaji wake sikioni. Mume akasikiliza, akasema, "Mfalme anauliza kwa nini umemlaza kama samaki."

Kichwa cha mfalme, nikaelezwa, hakiwi chini ya vichwa vya raia. Nikakiinua kiti. Mfalme akanong'ona tena. Miguu yake ilielekezwa kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo pembe ya mababu. Mtu haelekezi nyayo huko. Nikasema kiti kimefungwa kwa boliti. Mume akalifikisha hilo. Mfalme akafikiri, kisha akajigeuza, akakaa kimshazari, miguu ikining'inia juu ya mkono wa kiti upande wa dirishani. Sasa ili nione gego la chini bila kichwa changu kuzidi kichwa chake, ilibidi nipige magoti na kutazama kutoka chini kwenda juu, kioo mkononi, kama fundi aliyelala chini ya lori.

Nikaona nilichokwisha kuona. Nikasema jino litoke. Mfalme akanong'ona kwa muda. Mume akainua uso. "Mfalme anasema hapana," akasema. "Jino libaki."

Baadaye yule mama alizinduka, akashika shavu lake, akauliza, "Limetoka?" Mume akamwambia mfalme amekataa. Yule mwanamke aliyekemea ufukwe mzima akainama, akavaa viatu vyake. Yeye hakuwahi kumkaidi mfalme wake. Alinieleza siku ile, akiwa mlangoni, kwamba amekuwa naye tangu usichana, kwamba ndiye aliyemponya alipokata tamaa ya kuishi baada ya kupoteza watoto wawili wachanga, na kwamba kiti kikimkaidi mfalme wake, mfalme huondoka asirudi. Nikampa dawa za kutuliza, wakaenda.

Wakarudi jino lilipoanza kuuma tena. Mambo yakawa yaleyale: mwayo, kofia, magoti, kioo, hapana. Safari hii hasira zangu zilinifika hapa. Nikasema, "Mwambie mfalme jino lililooza halijui ufalme." Msaidizi wangu akaziba uso kwa kanga. Mume akainama kwenye sikio la mfalme, akanong'ona kwa muda mrefu kuliko sentensi yangu, mfalme akajibu kwa muda mrefu vilevile, na mume akaniambia, "Mfalme anakushukuru kwa maoni yako. Hapana."

Lililoniudhi zaidi ni kwamba wafalme wengine wote walikubali. Habari zilikuwa zimeenea kisiwani kwamba kuna daktari wa meno anayejua kuamkia wakubwa, na wenye mizimu yao wakaanza kunijia mmoja baada ya mwingine. Nilimtibu mwanamfalme mmoja kijana, mwenye majivuno, aliyetaka kioo kishikwe ili ajitazame kazi ikiendelea. Nilimtibu baharia mmoja marehemu aliyeikataa ganzi, akaomba ramu badala yake, nami nikamwambia kwa heshima zote kwamba kwangu hakuna. Walilalamika, walitukana, walitaka kiti kigeuzwe. Lakini meno walitoa. Ni huyu wangu wa kwanza tu aliyeng'ang'ania jino bovu kama hirizi, na siku nyingine nilijikuta nagombana naye peke yangu nikichemsha maji ya chai.

Baada ya miaka michache macho ya mama yangu yakaanza kufifia, nikarudi Mahajanga kukaa naye. Nikafungua chumba cha kazi nyumbani, katika kimojawapo cha vile vyumba vitupu. Kiti hiki kipya sikukifunga kwa boliti. Nilikuwa nimeshajifunza.

Mahajanga ndiko yanakohifadhiwa masalio ya wafalme wale, na kila mwaka watu wao huja kutoka pande zote kuwafanyia utumishi. Mwaka mmoja, siku moja kabla ya shughuli kuanza, mchana, nilisikia mlango unagongwa. Alikuwa yule mume na kikapu chake. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza yeye nyuma, alikuja mke wake, amejifunga kanga kichwani mpaka kidevuni.

Alipoifungua niliogopa. Nusu ya uso ilikuwa imevimba, ngozi imenyooka na kung'aa, na uvimbe ulikuwa umeanza kushuka chini ya taya kuelekea shingoni. Mdomo ulifunguka upana wa kidole. Mate aliyameza kwa shida, akifumba macho. Joto lake nililihisi kabla sijamgusa.

"Umeng'oa meno ya nusu ya Nosy Be," akasema kupitia meno yaliyobana, "langu tu limekushinda."

Nilimwambia ukweli bila kuuzungusha. Nikasema uvimbe ule ukifika shingoni utaziba njia ya pumzi, na ukiziba, mimi na koleo langu hatuna kazi tena. Usaha lazima utoke leo, na jino lazima litoke nao. Akasema, "Mimi nataka litoke. Unadhani napenda? Lakini yeye kakataa. Nikimkaidi hapa, mlangoni kwake, mwaka huu, nitarudi nyumbani bila yeye. Basi nitakuwa nani?"

Nikamgeukia mume. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kikapu amekikumbatia kifuani. "Mfalme alishasema," akajibu kabla sijauliza. Nilitamani kumpiga na kile kikapu. Badala yake nikamwandikia dawa, nikamtuma duka la dawa kule karibu na soko, haraka. Akasita. Itakuwaje mfalme akija naye hayupo? Nikasema mfalme hajawahi kuja bila msemaji wake, aende. Nilimsukuma mlangoni, si kwa upole.

Nadhani alikuwa hajafika hata kona ya barabara. Yule mama akapiga mwayo, kwa kadiri mdomo ule ulivyoweza, na mabega yakaanza. Nikaangaza huku na huku. Kikapu kilikuwa kimekwenda na mwenyewe. Hapakuwa na kofia, bakora wala shuka. Nikachukua taulo safi la wagonjwa nikamfunga kiunoni, nikageuza kiti miguu isiangalie kaskazini-mashariki, nikapiga magoti. "Kwezi," nikasema, na safari hii nilimaanisha.

Mfalme alilitazama taulo lile kwa muda. Kisha akaanza kunong'ona, na kwa kuwa hapakuwa na sikio jingine, ilibidi niweke langu. Lugha yake ilikuwa ya kizamani, lakini si ngeni kama nilivyoogopa. Nusu ya maneno niliyajua kwa bibi yangu, na nusu nilikisia.

"Kwa nini kiti changu kinanuka?" akauliza.

Nikamweleza habari ya jino, usaha na shingo. Nikasema, "Mkubwa, kiti hiki kikifa, utakaa wapi? Nakuomba uniruhusu."

"Ruhusa ipi tena?" akasema mfalme. "Nilimwambia yule msemaji wangu litoke, tangu kule kisiwani. Nikamwambia mara ya pili. Mimi nimechomwa mkuki hapa," akajigusa ubavu, "nitaogopa binti mwenye koleo?"

Mfalme wa watu niliyemtukana miaka yote nikichemsha chai, kumbe hakuwa na kosa lolote. Mlango ukafunguka. Mume aliingia na dawa mkononi, anahema, akaona taulo, akaona sikio langu lilipo. Kikapu kikamdondoka. Mfalme akamtazama tu, akapiga mwayo, mwili ukatikisika, akaondoka zake.

Yule mama akazinduka. Akajishika shavu, akajishika shingo, kisha akamtafuta mume wake kwa macho, kama alivyozoea. "Amekuja? Amesema nini?"

Mimi nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini kumweleza kiti haikuwa kazi yangu, ilikuwa kazi ya msemaji, na yule mwanamke asingeamini kwa mtu mwingine. Nikamkazia macho mume. Kama angesema hapana mara moja zaidi, nadhani ningemng'oa yeye meno yote, mazima na mabovu.

"Mfalme," akaanza. Akaketi chini sakafuni, miguu mbele, kama mtu aliyechoka safari. "Mfalme hakukataa," akasema. "Hajapata kukataa. Ni mimi."

Akaendelea, akiitazama sakafu. Mama yake mzazi aling'olewa jino kijijini kwao, yeye akiwa mdogo. Damu haikukatika. Walijaribu majani, walijaribu majivu, alikufa ameegemea ukuta na beseni mapajani. "Nilipoiona sindano ya daktari," akasema, "niliona beseni lile."

"Ukaniambia ni mfalme," akasema mke.

"Ningekwambia ni mimi, ungenisikiliza?"

Mwanamke yule akafikiri. Pamoja na homa yake alifikiri kwa haki, kama anayepima samaki wa mtu. "Hapana," akasema.

Kisha nikaona jambo jingine linamjia, polepole. "Na ndugu yangu?" akauliza. "Jumapili?"

"Ni mimi."

"Kamba wakavu?"

"Ni mimi. Harufu yao."

"Kutokwenda ufukweni baada ya mvua?"

"Unakohoa sana siku hizo," akasema mume. "Ni mimi."

"Na maboga?"

"Maboga ni mfalme," akasema haraka. "Wallahi, maboga ni mfalme mwenyewe."

Nilidhani angemkemea. Alikuwa na sauti ya kumtosha, hata kupitia mdomo ule. Alimtazama mume wake kwa muda, kama mtu aliyeletewa kitu ambacho kilikuwa ndani ya nyumba yake siku zote. Alikuwa amemsikia mtu huyu kila siku, miaka yote hiyo, na kila alichokisikia alikidhani ni cha mwingine.

"Haya," akasema. "Mfalme ameshasema, na mimi nimeshasema. Leo nakuuliza wewe. Wewe unasemaje?"

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo. Machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyapangusa. "Mimi naogopa," akasema. "Naogopa sana. Ling'oeni."

"Basi njoo unishike mkono," akasema mke wake, na akajilaza mwenyewe kwenye kiti, kichwa chini, bila kuuliza miguu inaelekea wapi.

Ganzi haikuingia vizuri, kama kawaida penye usaha, na mdomo haukutaka kufunguka. Nilifanya kazi kwa nafasi ya kidole, nikisoma ninachokijua kimoyomoyo. Alinguruma tu, hakupiga kelele. Jino lilipolegea nilisikia mlio wa mfupa, kisha likatoka, na nyuma yake ukaja usaha mwingi mpaka chumba kizima kikanuka, nami nikashukuru kama aliyefunguliwa maji ya mfereji. Damu ilikuja, ikapungua, ikakoma chini ya pamba. Niliingoja kwa makini kuliko siku zote nilizofanya kazi. Yule mama alifumba macho, akameza mate kwa mara ya kwanza bila kukunja uso.

Nikageuka kumwonyesha mume kwamba damu imekatika. Hakuwepo. Alikuwa chini, chali kando ya kiti, rangi imemtoka, amezimia, sijui tangu lini. Mkono wake mmoja tu ulikuwa juu, kwa sababu mke wake alikuwa ameushika.

Nilitaka kwanza nimalize kusafisha kidonda. Yule mama akaniondoa kwa mkono wake mwingine, na kwa kuwa hakuweza kusema, mdomo umejaa pamba, akanionyesha kwa kidole pale sakafuni. Nikapiga magoti kumpepea yule msemaji na kumnusisha spiriti, na ilibidi niifanye kazi yote hiyo chini ya mikono yao miwili, maana mke hakukubali kuuachia ule wa mumewe hata kidogo.